Vyura Kumi na Wawili na Mmoja wa Nyongeza

Jambo zima liligharimu debe moja zuri lisilovuja, nauli ya kutoka Iringa hadi Rujewa kwenda na kurudi, kofia ya kudarizi niliyoachiwa na baba, na chemchemi. Nimehesabu mara mbili. Chemchemi haikuwa yangu, lakini kila nikiitoa kwenye hesabu naona hesabu haikai sawa, kwa hiyo naiacha humo humo.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mchuuzi wa vyombo vya bati. Kwetu ni Mbeya mjini. Babu alipanda kutoka pwani na biashara ya chumvi, akalalamikia baridi, akabaki akilalamika mpaka akazikwa huko. Mimi nilinunua mabeseni, sahani na mabirika Mbeya, nikashuka nayo Rujewa wakati wa mavuno ya mpunga, watu wana pesa na hawajaamua wazifanyie nini, kisha nikapanda Iringa na yaliyobaki. Iringa ndiko nilikooa, katika bonde moja nyuma ya Kalenga, umbali wa kutosha kutoka barabarani kukufanya ujiulize kwa nini hukuoa binti wa karibu na kituo cha basi.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliinama kuisikia. Kwa desturi ya nyumba ile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Mimi nilikaa kwenye kigoda uani nikiangalia zizi la mbuzi, yeye akakaa ndani karibu na mlango, na mke wangu akasimama katikati akipokea maneno ya huku na kuyapeleka kule, ingawa sote watatu tulikuwa tunasikia. Kwa mtu wa biashara, hiyo ilikuwa adhabu. Huwezi kumbembeleza mtu usiyeona uso wake.

Desturi nyingine ilinifaa zaidi: mkwe hafiki mikono mitupu. Mimi nilileta kambale hai. Rujewa palikuwa na mtu aliyewatega kwa migono kwenye mifereji ya mpunga. Nilimimina maji ya mfereji kwenye debe, nikatia samaki wangu, nikapanda nao basi. Kule bondeni samaki waliozoeleka ni wale wakavu kama viatu. Wangu walifika wakipiga mikia. Mama mkwe aliwapenda mno. Mke wangu aliwatoa, akamwaga maji pale chini ya chemchemi, akasuuza debe, akanirudishia likiwa safi.

Sasa chemchemi yenyewe. Ilikuwa chini ya nyumba, imezungushiwa mawe, na chini yake vilifuatana vinyungu, yaani zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, ambako unakuta mahindi mabichi na maboga wakati kila mahali pengine ni vumbi. Ukoo wa mama mkwe ndio ulioitunza. Kila mwaka kabla ya kiangazi kukaza, wanawake walikuja kuzoa tope, na kazi ya kwanza ilikuwa kuwatoa vyura mmoja mmoja kwa mkono na kuwaweka kwenye kibuyu kikubwa chenye maji. Tope likiisha, mama mkwe aliwarudisha yeye mwenyewe. Hapo ndipo watu walipochota. Hakuna aliyechota maji kwenye chemchemi isiyo na chura, na sababu waliyonipa ilikuwa rahisi: kama chura ameshindwa kuishi humo, wewe ni nani?

Nilicheka mara ya kwanza niliposikia. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Mwaka ule watu walipohamishiwa kijijini, bonde zima lilipanda juu mgongoni mwa kilima, nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara. Mama mkwe peke yake aliachwa chini. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyekuwa na kikohozi, alisema mwenye chemchemi abaki na chemchemi, maadamu kijiji kinachota. Hilo ndilo lililokuwa likimshikilia pale: nyumba yake, kinyungu chake, kaburi la mume wake nyuma ya nyumba, vyote vilining'inia kwenye ndoo za watu wengine. Na ndoo zilining'inia kwa vyura.

Vyura wakaanza kufa.

Ilikuwa baridi ya Juni, ile ya kuvaa koti mpaka saa tano asubuhi. Nilifika na kambale wangu nikamkuta mke wangu, aliyekuwa ametangulia kwao, amesimama kwenye mawe ya chemchemi. Chura mmoja alikuwa amekaa juani, mahali ambapo chura mwenye akili hakai. Miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyechoka na safari. Nilimsogeza kwa kijiti, hakuruka. Nikamgeuza chali, akabaki chali, tumbo lina wekundu, na ngozi ikamtoka vipandevipande kama karatasi iliyolowa. Wengine walikuwa wanaelea. Niliwahesabu, nikawahesabu tena, mara ya pili wakawa wengi zaidi, maana wawili walikuwa wamekufa nikiwa nahesabu.

Wanawake walishuka na ndoo, wakaona, wakageuza ndoo zikaangalia chini. Maneno yakaanza.

"Ni mikaratusi ile waliyopanda juu," alisema mmoja. "Inakunywa kuliko mlevi wa ulanzi."

"Mikaratusi ina miaka mingapi? Vyura wamekufa juzi."

"Basi ni mbolea ya chumvichumvi. Mvua inaishusha."

"Mvua gani, Juni?"

"Ni sabuni. Nyie wa juu mnafulia ovyo."

"Sisi wa juu! Na wewe unakaa wapi siku hizi, mbinguni?"

Wakacheka, kisha wakakumbuka kilichowaleta. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa nzuri. Maji kweli yalikuwa yamepungua. Jiwe ambalo zamani hukuliona sasa ulilikalia. Kweli karibu na ukingo palikuwa pamefyekwa, jua likapiga maji ambayo halikuwahi kuyagusa. Kweli kijiji kizima kilikuwa sasa juu ya vichwa vyetu na kila kilichomwagwa kilijua njia ya kuteremka. Mimi nimezoea bidhaa yenye kasoro moja, unaionyesha, unapunguziwa. Hii ilikuwa na kasoro tano na hakuna muuzaji.

Mwenyekiti alikuja baada ya siku chache, akamwamkia mama mkwe, akakohoa.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe, wala na chura. Lakini wakubwa wakipita wakaniuliza, mama huyu anafanya nini bondeni peke yake, nijibu nini? Analinda maji yasiyonywewa?"

"Kwani maji yameacha kutoka?"

"Yanatoka, mama. Watu ndio hawaji."

Wakakubaliana mpaka mvua za kwanza. Ikiwa watu watakuwa wamerudi kuchota, sawa. Ikiwa sivyo, atapanda juu kama wengine na kinyungu kiingie shamba la kijiji.

Jioni hiyo nilikaa kwenye kigoda changu nikiangalia mbuzi. Kutoka ndani sauti ilisema, "Mwambie mkwe, aliwahi kusema Rujewa vyura wanapiga kelele mpaka watu hawalali."

"Umesikia?" mke wangu aliniuliza.

"Nimesikia. Mwambie ni kweli."

"Anasema ni kweli."

"Mwambie akalete. Huku mabonde yote ya jirani yamenyamaza, nimeuliza. Ila kitu cha chemchemi hakipunguziwi bei. Atakayotajiwa kwanza, hiyo hiyo atoe. Ndivyo tulivyofanya hata na mawe."

"Mwambie bei ya kwanza si bei," nikasema. "Bei ya kwanza ni salamu."

"Hilo simwambii," akasema mke wangu.

Njia nzima mpaka Rujewa nilifanya mazoezi ya kunyamaza. Nilimkuta mtu wangu wa migono kwenye tuta la mfereji. Nyuma yake, upande wa kinamasi, kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko nilivyowahi kuona pale; wafugaji walikuwa wameanza kuteremka kutoka kaskazini, na tope lote lilikuwa limechanganywa kwa kwato.

"Kambale wangapi leo?"

"Leo sitaki kambale. Nataka vyura."

Akaangalia nyuma yangu, akitafuta mtu wa kucheka naye. "Wa kula?"

"Wa kuweka kwenye chemchemi."

"Kwa mama mkwe?"

"Kwa mama mkwe."

"Pole sana, ndugu yangu." Akainua mgono mmoja. Humo, kati ya samaki, walikuwa vyura ambao hawakufanana na wa bondeni: bapa, wanateleza kama sabuni iliyolowa, macho yako juu ya kichwa, na vidole vya nyuma vina kucha ndogo nyeusi. "Hawa hawatoki majini. Wananilia chambo kila siku. Shilingi moja, chura mmoja."

Nilijua la kufanya. Mkono ulikuwa tayari mfukoni. Mdomo wangu ukasema, "Shilingi? Kwa chura?"

"Mjini kwenu chura bei gani?"

"Bure."

"Basi rudi mjini kwenu."

"Kwani wewe una wateja wangapi wa vyura?"

"Tangu nizaliwe? Wewe."

"Mteja wa pekee hupunguziwa."

"Na muuzaji wa pekee je?"

Tulicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Kusema kweli ilikuwa biashara tamu kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyejua bidhaa ina thamani gani. Tukamaliza kwa nusu bei, vyura kumi na wawili, na nilipokuwa nafunika debe akatupia wa kumi na tatu. "Nyongeza," akasema. Nikashukuru kwa moyo wote. Nilikumbuka neno la mama mkwe mguu wangu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya basi.

Mfuniko haukukaza, vyura wakawa wanaruka. Nikavua kofia ya baba, nikaifunga kwa kamba juu ya mdomo wa debe. Utingo akaja.

"Humo mna nini?"

"Vyura."

"Nakuuliza vizuri, wewe unaleta utani." Akainua pembe ya kofia, akachungulia, akaishusha taratibu. "Weka juu ya keria."

"Jua litawaua."

"Basi wapakate. Na mmoja akitapika, utapiga deki basi zima."

Mama aliyekaa karibu nami alihama kiti bila kuaga. Nikafika Iringa nimelowa mapaja, kofia inanuka mfereji, na harufu ile haikutoka hata kwa ndimu.

Bondeni mama mkwe hakuuliza habari za safari. Nilikuwa sijakaa vizuri.

"Muulize alibishana bei?"

Mke wangu aliniangalia. "Kidogo," nikasema.

"Anasema kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu."

Mbuzi mmoja akalia, nikamshukuru. "Na hawa ni wangapi?"

"Kumi na wawili. Na mmoja wa nyongeza."

"Mwambie nyongeza ni ya maharage." Kisha sauti ikawa ya kuchoka. "Wameshafika. Wamechoka na njia. Lete debe."

Alikwenda nao chemchemini mwenyewe. Nilisimama mbali, nimegeuza uso, lakini nilimwona kwa pembeni akiwateremsha mmoja mmoja kwa viganja viwili. Wa mwisho alikaa naye kidogo mkononi. Sijui kama alikuwa ndiye yule wa nyongeza. Walikuwa wanafanana wote. Akamwachia na yeye.

Wanawake wakaja kukagua. Maji yalikuwa na vyura, hilo halikuwa na ubishi, lakini walikaa chini kabisa wamejibanza kwenye mawe na usiku hawakutoa sauti.

"Hawa wanalia saa ngapi?"

"Chura asiyelia ni chura?"

"Mume wako naye haongei, na tunamwita mume."

Ndoo zikaingia majini. Mwenyekiti akashuka, akainama, akawaona, akanyooka akikohoa kwa furaha. Kwa majuma kadhaa nilikuwa mkwe bora kuliko wote upande ule wa Kalenga. Mke wangu aliniambia mama yake amepalilia kinyungu upya na anaimba. Nikajiambia, unaona, hata kwa nusu bei.

Halafu wale vyura wa zamani wachache waliokuwa wamepona, waliojificha chini huko kwenye mifereji ya maboga, nao wakaanza kukaa juani. Miguu imenyooshwa, ngozi inamenyeka. Tukawatafuta viluwiluwi kwenye madimbwi, hakuna. Wangu walikuwa wamenenepa. Sikuelewa. Maji yale yale, mikaratusi ile ile, sabuni ile ile, mmoja anakufa na mwenzake anaota kitambi. Mama mkwe alikwenda kuwatazama kila asubuhi, akarudi, na kuimba kukaisha.

Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha usiku kucha. Asubuhi chemchemi ilikuwa tupu. Tuliinua mawe, tukapapasa tope, hakuna hata mmoja. Kwenye njia ya mbuzi tulimkuta mmoja amekufa, kichwa kimeelekea kule barabara ilipo, kama aliyekuwa anawahi basi la Mbeya. Wengine walikwenda wapi mpaka leo sijui. Jirani alisema vyura wa kununuliwa hurudi kwa mwenyewe. Nilimwuliza mtu wangu wa Rujewa, akasema hajaona mgeni.

Wanawake wakageuza ndoo. Mwenyekiti hakufurahi, lakini neno lilikuwa neno. Siku ya kuhama mama mkwe alibeba jembe na kibuyu cha maji. Mimi nilibeba mlango wa nyumba yake, mbao nzito za mninga, mgongoni, kwa hiyo nilikuwa nimeinama na sikumwona aliposimama mbele yangu kwenye kona ya mteremko. Alingoja mpaka nikaweka mlango chini. Akanitazama usoni, yeye ambaye miaka yote hakuwahi, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe bila kupitia kwa mtu:

"Mkwe, ungelipa tu."

Nikabeba mlango tukaendelea.

Hapo ningeweza kufunga hesabu: nilibishana bei, maji yakakataa. Si hesabu mbaya, na kwa miaka mingi niliishi nayo. Lakini nywele zangu zilipokwisha kuwa nyeupe alikuja kijijini msichana mmoja aliyesomea wanyama, akizunguka mabonde kuuliza habari za vyura. Tulimpa chumba siku mbili. Nikamsimulia yote, mpaka ngozi na wekundu wa tumbo. Akaacha kula.

Akasema kuna ugonjwa wa kuvu. Unashika ngozi ya chura, na chura hunywa maji na kuvuta pumzi kwa ngozi hiyo. Ikiharibika, moyo husimama. Ugonjwa huo hupenda maji ya baridi ya milimani. Chura anayebanwa kwenye maji machache, au aliyevurugiwa makazi yake, hushikwa upesi zaidi. Na wale wenye kucha wanaweza kuubeba bila wao wenyewe kuugua.

"Basi ni mimi," nikasema.

"Wa kwanza walikufa kabla hujaleta wako, babu. Umesema mwenyewe."

"Basi si mimi."

"Inawezekana."

"Inawezekana ndiyo, au inawezekana hapana?"

"Inawezekana tu. Miaka ile hapa hakuna aliyekuwa anaangalia. Labda ni kuvu, labda ni dawa ya shambani, labda ni ukame wa chemchemi, labda vyote pamoja."

Nimefanya biashara maisha yangu yote na sijawahi kupokea malipo ya labda. Nikamwuliza, huo ugonjwa husafiri vipi? Akasema kwa maji. Tope la kwato, miguu ya watu, ndoo, viluwiluwi walionaswa pamoja na samaki.

Nikaenda uani kuangalia mbuzi. Debe. Kila safari, maji ya mfereji wa Rujewa, kambale wakipiga mikia, mara nyingine kiluwiluwi mmoja au wawili wanazunguka humo, na mke wangu anamwaga chini ya chemchemi na kusuuza. Nilihesabu safari nilizofanya kabla ya Juni ile. Nikahesabu tena. Zilikuwa nyingi mara zote mbili. Lakini yule msichana alisema mabonde mengine nayo yalinyamaza, hata yale ambayo hayakuwahi kuwa na mkwe kutoka Mbeya. Kwa hiyo kila nikijipata na hatia naachiwa huru, na kila nikiachiwa nakamatwa tena mlangoni.

Ningeliacha hivyo, ila mama mkwe bado yupo. Amezeeka sana, macho hafifu, kichwa kizima. Kijiji sasa kina maji ya bomba na hakuna anayejali nani anakaa bondeni. Wajukuu wamekubali kumjengea chumba pale pale karibu na kaburi la babu yao. Anataka kurudi. Lakini hatalala kando ya chemchemi isiyo na chura, hilo ameshalisema, na majuzi sauti ikatoka ndani kama zamani:

"Mwambie mkwe akalete wengine. Na safari hii asifungue mdomo."

Debe jipya ninalo, pesa ninazo, na nimejifunza kunyamaza. Ninachokosa ni kujua. Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote anayesoma hapa. Kama kwenu kuna bonde ambalo vyura bado wanalia, nielekeze, unieleze pia nitawatambuaje wazima, maana nimeshaona kwamba aliyenenepa si lazima awe mzima. Au niambie wazi kwamba nisiguse, nimwache bibi huyu afie juu ya kilima. Na kama yupo aliyewahi kumwambia mama mkwe wake kwamba huenda kosa halikuwa bei, huenda lilikuwa wale kambale aliowapenda, naomba anieleze alianza na neno gani, na alikuwa ameangalia wapi.